Mpaka wa Sheria Hupita Kituo cha Polisi
Mjadala wa utoaji mimba nchini Malawi, kutoka Lilongwe hadi Dzaleka

Askari anaujua mpaka. Kwake mpaka ni mto, au safu ya mawe yaliyopakwa chokaa, au kizuizi cha barabarani chenye bendera ubavuni; upande huu ni kwetu na upande ule ni kwa jirani. Mpaka wa sheria hauna mawe. Huchorwa kwa maneno kitabuni, na wale waliouchora aghalabu hawapo siku mwananchi anapoufikia. Anayekuwapo ni konstebo wa zamu, kalamu mkononi na kitabu cha taarifa mbele yake.

Nchini Malawi, kwa zaidi ya miaka 10 sasa, pamekuwapo ubishi mkubwa juu ya mpaka mmoja wa namna hiyo: ni wakati gani, kama upo, ambapo sheria iruhusu mimba kutolewa. Ubishi huo umefika Bungeni mjini Lilongwe, umefika katika nyumba za ibada, umefika Mahakama Kuu, na watu wameandamana barabarani kwa ajili yake. Makala haya hayakusudii kuumaliza. Yanakusudia kuonyesha jambo moja ambalo wabishi wengi wamelipita haraka, nalo linawahusu wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja: kila mara inapopendekezwa kwamba mpaka huu usogezwe ili kumnusuru mwanamke aliyebakwa, mpaka mpya hupitishwa katikati ya kituo cha polisi.

VIFUNGU VITATU NA MLANGO MMOJA

Sheria yenyewe ni fupi. Kanuni ya Adhabu ya Malawi iliandikwa wakati wa ukoloni, nchi ilipokuwa ikiitwa Nyasaland, ikaanza kutumika mwaka 1930. Mzizi wa vifungu vyake vya mimba ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 juu ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu. Kifungu cha 149 kinampa kifungo cha hadi miaka 14 mtu yeyote anayefanya jambo kwa nia ya kumharibia mwanamke mimba, awe kweli anayo au hana. Kifungu cha 150 kinamhusu mwanamke mwenyewe: hadi miaka 7. Kifungu cha 151 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo: hadi miaka 3. Polisi wa Tanzania atazitambua hesabu hizi mara moja, kwani ndizo zilizomo katika vifungu vya 150, 151 na 152 vya Kanuni yetu ya Adhabu. Ni watoto wa mama mmoja.

Mlango ulioachwa wazi ni mmoja. Kifungu cha 243 kinasema kwamba daktari hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, ili kuokoa uhai wa mama, endapo hali ya mgonjwa inaufanya upasuaji huo uwe jambo la busara. Maneno hayo huonekana mepesi mpaka mtu aanze kuuliza maswali. Je, daktari angoje hadi mama awe anakata roho? Na uhai ni pumzi tu, au ni pamoja na akili timamu ya yule atakayebaki anaishi?

Swali hilo lilipelekwa mbele ya mahakama mjini London mwaka 1938, na kisa chake chafaa kusimuliwa hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu waliokianzisha walikuwa askari. Mwezi Aprili mwaka ule, msichana wa miaka 14 alibakwa na askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme. Akashika mimba. Hospitali ya kwanza ilikataa kumsaidia. Ndipo daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, Aleck Bourne, akampokea katika Hospitali ya St Mary's na kuitoa mimba hiyo hadharani, bila malipo, akijua sheria inasemaje. Polisi walipomfikia hakujificha. Aliwataka wamkamate ili mahakama iamue. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba sheria haimlazimishi daktari kungoja mpaka mgonjwa awe mlangoni mwa kaburi. Ikiwa daktari anaamini kwa sababu za haki kwamba kuendelea kwa mimba kutamwacha mwanamke akiwa ameharibika mwili au akili, basi aweza kuhesabiwa kuwa anaokoa uhai. Bourne akaachiwa huru. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali tafsiri hiyo katika shauri lililotoka Kenya.

Kuna nyongeza ambayo wanaomtaja Bourne mara nyingi huisahau. Uingereza ilipotunga sheria mpya na pana zaidi mwaka 1967, daktari huyo huyo alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kuwatetea watoto ambao hawajazaliwa. Kwa maoni yake mpaka ulikuwa umesogezwa mbali mno. Mtu aliyekuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya msichana mmoja hakuwa tayari kuufungua mlango wote, na sidhani kwamba alijipinga mwenyewe. Wamalawi wengi, ukiwasikiliza kwa makini, wako mahali hapo hapo alipokuwa Bourne.

TUME, MAANDAMANO NA BUNGE

Mwaka 2013 Tume ya Sheria ya Malawi iliunda tume maalumu ya kuichunguza sheria ya utoaji mimba. Humo walikuwamo wanasheria, watu wa afya, viongozi wa dini na wa jadi. Kazi yao ilizaa rasimu ya muswada mwaka 2015. Hawakupendekeza kwamba kila atakaye apewe. Walipendekeza sababu nne: uhai wa mama kuwa hatarini, afya ya mwili au ya akili ya mama kuwa hatarini, mtoto aliye tumboni kuwa na ulemavu mkubwa usioweza kumwacha aishi, na mimba iliyotokana na kubakwa, kunajisiwa kwa mtoto, au zinaa ya maharimu. Kwa sababu hiyo ya mwisho waliweka masharti mawili: mimba isizidi wiki 16, na kosa liwe limeripotiwa polisi.

Mapokezi yalikuwa makali. Desemba 2016 Baraza la Maaskofu Katoliki na Umoja wa Makanisa ya Kiinjili ya Malawi waliwaongoza waumini katika maandamano katika miji mbalimbali, Lilongwe ukiwamo, kuupinga muswada. Hoja yao kubwa yaeleweka hata kwa asiyeikubali: kwamba kiumbe aliye tumboni ni mtu tangu kutungwa kwa mimba, na kosa la baba mbakaji halilipwi kwa uhai wa mtoto. Walikuwa pia na hoja ya kiutawala, nayo haifai kudharauliwa: kwamba maneno "afya ya akili" ni lango pana ambalo mtu yeyote aweza kulipitia akiwa na karatasi ya daktari mwenye huruma au mwenye njaa.

Upande wa pili walisimama madaktari, wanasheria na baadhi ya watawala wa jadi waliokusanyika katika umoja uitwao COPUA. Hawa walileta hesabu. Uchunguzi wa Chuo cha Utabibu cha Malawi pamoja na taasisi ya Guttmacher ya Marekani ulikadiria kwamba mwaka 2015 zilitolewa mimba zipatazo 141,000 nchini humo, yaani wanawake 38 katika kila 1,000 walio na umri wa kuzaa, na kwamba takriban 60 katika kila 100 ya mimba hizo zilileta madhara yaliyohitaji matibabu. Sheria yenye kifungo cha miaka 14 ilikuwapo siku zote hizo. Wanaotoa mimba hawakuacha kutoa. Waliacha kwenda hospitali mapema.

Mwaka 2021 Dakta Matthews Ngwale, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Bunge, alitaka kuipeleka hoja Bungeni. Wabunge hawakuipokea. Muswada ukarudi kabatini.

Yafaa kukumbuka kwamba Malawi ilikuwa imeridhia Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika tangu mwaka 2005, bila kuweka kando kifungu chochote. Itifaki hiyo, katika ibara ya 14, inazitaka nchi ziruhusu mimba kutolewa kitabibu kwa waliobakwa, kwa waliopata mimba ya maharimu, na pale uhai au afya ya mama inapokuwa hatarini. Kwa hiyo Serikali ilikuwa imetia sahihi mpaka mmoja Maputo na kuulinda mwingine Lilongwe. Malawi si peke yake katika hilo.

SHARTI LA TAARIFA

Sasa tulitazame lile sharti la kuripoti polisi. Tume haikuliweka kwa ubaya. Ililiweka ili kumjibu yule aliyesema kwamba kila msichana atadai amebakwa. Taarifa ya polisi ingekuwa kama muhuri: imepokewa, imeandikwa, ina namba. Kwa mtu aliyezoea utaratibu wa serikali, ni jambo la busara kabisa.

Lakini Oktoba 2019 yalitokea mambo nje kidogo ya Lilongwe ambayo yanalifanya sharti hilo litazamwe upya. Tarehe 8 mwezi huo, katika vurugu za kisiasa zilizofuata uchaguzi, ofisa wa polisi Usumani Imedi aliuawa kwa kupigwa mawe na wananchi huko Msundwe. Ulikuwa ukatili usio na udhuru, na kila askari asomaye habari ile ataujua uchungu wake. Baadaye polisi waliingia Msundwe, Mpingu na Mbwatalika. Wanawake na wasichana wa huko wakalalamika kwamba askari waliwabaka na kuwadhalilisha majumbani mwao. Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi ilichunguza. Chama cha Wanasheria Wanawake kikawasaidia walalamikaji 19 kwenda mahakamani, na Agosti 2020 Jaji Kenyatta Nyirenda wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki zao zilivunjwa, kwamba polisi hawakuchunguza malalamiko hayo kwa haraka ipasavyo, na kwamba walipwe fidia.

Tuiweke rasimu ya muswada juu ya kisa hicho. Mwanamke wa Msundwe ambaye angeshika mimba siku zile angetakiwa aende kwanza akaripoti polisi. Angeripoti kwa nani? Nguo ya mtu atakayemwandika ndiyo nguo ya mtu anayemkimbia. Hapo ndipo sharti lililowekwa kumzuia mwongo linapomzuia mkweli. Swali hili halimalizwi kwa kusema kwamba askari wale walikuwa wachache, ingawa ni kweli kwamba walikuwa wachache. Muswada wowote utakaolichukua sharti hilo hapana budi useme pia kwamba taarifa yaweza kupokewa na hakimu, au mganga mkuu wa wilaya, au ofisi nyingine isiyovaa sare.

Jambo jingine ni maana ya neno "kuripoti". Kuripoti si kuthibitisha. Polisi wote wanajua kwamba shauri la kubaka laweza kuchukua mwaka mzima na zaidi kufika hukumu, na mimba haingoji hukumu. Kama mpelelezi ataona kwamba ni lazima kwanza aridhike nafsini mwake ndipo atoe karatasi, basi yeye amekwisha kuwa jaji wa kesi mbili kwa pamoja.

Rwanda ilijifunza jambo hili. Sheria yake ya mwaka 2012 iliruhusu mimba ya kubakwa, ya ndoa ya kulazimishwa na ya maharimu kutolewa, lakini mwanamke alete kwanza cheti cha mahakama. Likawa sharti gumu kutimizika. Sheria mpya ya mwaka 2018 ikaliondoa. Ethiopia ilikwenda njia nyingine tangu mwanzo: kwa kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2005, maneno ya mwanamke mwenyewe kwamba amebakwa yanatosha kwa daktari, na kesi ya mbakaji inaendelea kivyake. Wapo watakaosema Ethiopia imelegea mno. Huenda. Lakini sheria hiyo imetenganisha mambo mawili ambayo sharti la polisi huyafunga pamoja: matibabu ya aliyetendewa na adhabu ya aliyetenda.

DZALEKA

Nimezitaja Rwanda na Ethiopia kwa sababu watu wa nchi hizo wapo Malawi, kiasi cha kilomita 45 tu kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa. Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Hata jina ni la kigerezani: kwa Kichewa ni kama mtu anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wapo zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, wengine Ethiopia na Somalia, na lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na kisimani ni hii hii ya Kiswahili.

Kwa mtu anayetaka kuona jinsi mpaka wa sheria unavyobadilika, Dzaleka ni darasa. Mwanamke wa Kongo ametoka katika nchi iliyoichapisha Itifaki ya Maputo katika Gazeti la Serikali Machi 2018, na mwezi uliofuata mahakama zake zikaagizwa kuitumia. Mnyarwanda na Mhabeshi tumekwisha kuwataja. Mrundi ametoka kwenye sheria nyembamba karibu kama hii ya Malawi. Majirani wa Malawi nao hawafanani: Zambia ina sheria pana tangu mwaka 1972, ila inataka sahihi za madaktari watatu, na madaktari watatu hawapatikani kila wilaya, Msumbiji tangu mwaka 2014 inaruhusu hadi wiki 12 kwa hiari ya mwanamke, na hadi wiki 16 kwa aliyebakwa. Kutoka Lilongwe hadi mpaka wa Msumbiji upande wa Dedza ni safari ya asubuhi. Mkimbizi, hata hivyo, hasafiri asubuhi. Sheria ya Malawi inamtaka akae kambini, na kutoka ni kwa ruhusa.

Hatari ya kubakwa huko si jambo la kubuni. Juni 2022 Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilieleza, kutokana na kazi iliyofanywa pamoja na polisi wa Malawi, kwamba ndani ya Dzaleka watu walikuwa wakiuzwa na kununuliwa, na kwamba wanawake na wasichana walikuwa wakitumiwa kwa ukahaba wa kulazimishwa. Polisi waliofanya kazi ile na kuwaokoa watu wanastahili sifa. Lakini picha ya polisi kambini ina upande wa pili pia. Mei 2023 Serikali iliwakamata wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na kwingineko ili warudishwe Dzaleka, na baadhi yao, watoto wakiwamo, walipitia gereza la Maula. Mama aliyeondolewa dukani kwake na polisi mwaka 2023 haendi kituoni upesi mwaka unaofuata, hata kama anayemkimbia sasa ni mtu mwingine kabisa.

Tuchukue mfano, na nasema wazi kwamba ni mfano tu. Msichana wa miaka 15 amebakwa njiani wakati wa kuchota maji. Hasemi. Wiki ya saba au ya nane mama yake anaona dalili. Wanazozana nyumbani wiki moja. Wanakwenda kituoni, askari wa zamu anasema Kichewa na kidogo Kiingereza, wao wanasema Kiswahili cha Kivu. Bahati nzuri neno "mimba" ni moja katika lugha zote mbili, lakini neno moja halitoshi kuandika maelezo. Anaitwa mkalimani, naye ni jirani wa kaka yake mshukiwa. Msichana ananyamaza. Anaulizwa swali ambalo wapelelezi wengi huliuliza bila nia mbaya: "Mbona hukupiga kelele?" Wanarudi nyumbani. Wanakuja tena. Inatafutwa ruhusa ya kutoka, inatafutwa gari, wanafika hospitali kubwa. Wiki 16 zimepita.

Na hapa pana jambo la kitaalamu ambalo kila mpelelezi hana budi kulijua, maana limewahi kuwaponza watu wa kweli mahali pengi. Madaktari hawahesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kujamiiana. Huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni kama wiki 2 kabla ya mimba kutungwa. Kwa hiyo msichana aliyebakwa wiki 8 zilizopita ataandikiwa na hospitali kwamba ana mimba ya wiki 10. Askari asiyejua hesabu hii ataweka karatasi mbili mezani, ya hospitali na ya maelezo, na kusema: "Huyu alikuwa na mimba kabla, anadanganya." Kumbe karatasi zote mbili ni sahihi. Vivyo hivyo, zile wiki 16 za rasimu ya muswada ni kama wiki 14 tu tangu siku ya tukio, yaani siku 98. Ukitoa siku za woga, za kuzozana na za kutafuta mkalimani, zinazobaki ni chache.

Wanajeshi nao wasidhani kwamba habari hii ni ya polisi peke yao. Mwaka 2013 vikosi vya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi viliingia mashariki ya Kongo pamoja, katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, na kuanzia Desemba 2023 nchi hizo tatu zilirudi huko chini ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Miongoni mwa sababu za kwenda kwao zilikuwa ni ubakaji uliofanywa na makundi yenye silaha. Mwanamke wa Masisi aliyelindwa na askari wa Malawi huko Kivu, akikimbia hadi Dowa, anakuta kwamba sheria ya nchi ya mlinzi wake ni kali kwake kuliko ya nchi aliyoikimbia.

HUKUMU YA MWAKA 2025

Bunge lilipokaa kimya, mahakama ilisema. Oktoba 2025 Jaji Michael Tembo wa Mahakama Kuu mjini Blantyre alitoa hukumu katika shauri la msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa, akashika mimba, na akakataliwa kutolewa mimba hiyo katika kituo cha afya. Jaji aliitazama Sheria ya Usawa wa Jinsia ya mwaka 2013, ambayo kifungu chake cha 19 kinampa kila mtu haki ya afya ya uzazi, ikiwamo kuamua kuzaa au kutozaa. Akaamua kwamba kumkatalia mtoto aliyedhulumiwa namna ile ni kuvunja haki yake.

Hukumu ya jaji si muswada. Haikuvifuta vifungu vya 149, 150 na 151, wala haikupanga idadi ya wiki, wala haikusema ni karatasi gani ipelekwe na nani. Wanaopinga watasema jaji amelipita Bunge, na hoja hiyo ina uzito wake katika nchi inayojitawala kwa kura. Kwa upande wangu, naona ni vigumu kutetea kwamba mtoto wa miaka 14 aliyenajisiwa asimame mbele ya kifungu chenye miaka 7. Kuhusu sababu nyingine zilizopendekezwa, hasa ile ya afya ya akili kwa maneno mapana, wabunge wana haki ya kudai maneno yaliyobana zaidi, na wangefanya hivyo vizuri zaidi wakiujadili muswada kuliko kuukataa mlangoni.

Wakati wakisubiriwa, kuna mambo mawili yasiyohitaji muswada wowote.

La kwanza ni kwamba kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, kwa namna yoyote ile, si kosa nchini Malawi. Hospitali hutoa huduma hiyo waziwazi. Askari anayekaa mlangoni mwa wodi kumngojea mgonjwa wa namna hiyo anawafundisha wengine kumi wafie nyumbani.

La pili ndilo ambalo askofu na daktari wangeweza kulikubali kwa sehemu kubwa bila kugombana. Dawa ya kumkinga aliyebakwa na virusi vya ukimwi yapaswa kuanza kumezwa ndani ya saa 72. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, na nguvu yake hupungua kwa kila siku inayopita. Mimba isiyotungwa haina haja ya wiki 16, wala ya jaji, wala ya maandamano. Polisi wa Malawi wana vitengo vya kuwasaidia waliodhulumiwa, kama sisi tulivyo na Dawati la Jinsia na Watoto, na ofisa anayejua kazi yake humpeleka mlalamikaji hospitali kwanza na kuyakamilisha maelezo baadaye. Pale ambapo utaratibu unageuzwa, maelezo yakatangulia, ikangojwa fomu, ikangojwa saini ya mkuu wa kituo aliyekwenda mazishini, saa hizo huishia kwenye benchi la mapokezi.

Dzaleka ina kituo chake cha afya. Hospitali ya wilaya iko Dowa, na hospitali kuu iko Lilongwe. Mwanamke aliyebakwa kambini Ijumaa usiku ana muda hadi Jumatatu usiku, na kati ya siku hizo mbili ni za mwisho wa juma.